Kutoka Wavu hadi Spektra: Historia ya Mbinu za Maabara za Kubaini na Kupima Mikroplastiki, 1972–2023

1.0 Utangulizi

Mikroplastiki ni vipande vya plastiki ambavyo ukubwa wake, kwa mujibu wa maafikiano ya wataalamu wengi, hauzidi milimita 5. Kila idadi ya vipande hivyo inayotajwa katika ripoti, iwe inahusu maji ya bahari, mashapo, samaki au hewa, imepitia mikononi mwa mtu aliyechagua wavu wa kukusanyia, chumvi ya kutenganishia na chombo cha kutazamia. Hivyo basi, idadi hiyo ni zao la mazingira na papo hapo ni zao la mbinu. Insha hii inafuatilia historia ya mbinu hizo tangu mwaka 1972, zilipochapishwa taarifa za awali za chembe za plastiki katika uso wa bahari, hadi mwaka 2023, ulipotolewa mwongozo wa kimataifa wa misingi ya uchanganuzi. Hoja kuu ni kwamba mabadiliko ya mbinu hayakuongeza usahihi tu, bali yalibadilisha pia kile kilichohesabiwa kuwa mikroplastiki. Kwa sababu hiyo, takwimu za miongo tofauti haziwezi kulinganishwa kabla ya kuulizwa zilipatikanaje.

Suala hili lina uzito nje ya maabara. Mwezi Machi 2022, Baraza la Mazingira la Umoja wa Mataifa lilipitisha jijini Nairobi azimio la kuanzisha majadiliano ya mkataba wa kisheria kuhusu uchafuzi wa plastiki. Mkataba wa namna hiyo hauwezi kutathminiwa bila kujua kama uchafuzi unapungua au unaongezeka, na swali hilo halijibiki ikiwa kipimo cha jana si kipimo cha leo.

2.0 Enzi ya Wavu

Taarifa iliyofungua uwanja huu ilichapishwa mwaka 1972 katika jarida la Science na Edward Carpenter na K. L. Smith wa Taasisi ya Woods Hole nchini Marekani. Katika eneo la magharibi la Bahari ya Sargasso, watafiti hao walikokota juu ya maji wavu wenye matundu ya milimita 0.33 na kupata wastani wa vipande 3,500, vyenye uzito wa takribani gramu 290, katika kila kilomita moja ya mraba. Mwaka huohuo, Carpenter na wenzake walitoa taarifa nyingine kuhusu vijiduara vya polistirini katika pwani ya kusini ya New England, ambavyo baadhi vilipatikana ndani ya samaki.

Jambo la kuzingatiwa ni asili ya chombo chenyewe. Wavu huo ulikuwa umeundwa kwa ajili ya viumbe wadogo wanaoishi katika uso wa maji, wala haukukusudiwa plastiki. Chembe zilizo ndogo kuliko matundu yake zilipita, na nyuzi nyembamba nyingi zilipenya hata pale zilipokuwa ndefu. Aidha, wavu wa juu ya maji hunasa vitu vinavyoelea tu. Polietilini na polipropilini ni nyepesi kuliko maji ya bahari, ambayo densiti yake ni takribani gramu 1.025 kwa sentimita moja ya ujazo. Kinyume chake, plastiki ya chupa za maji, yaani PET, ina densiti ya takribani 1.38, na ile ya mabomba, yaani PVC, mara nyingi huzidi 1.3. Plastiki hizo huzama. Kwa hiyo, taswira ya tatizo iliyojengwa katika miongo ya mwanzo ilikuwa taswira ya plastiki inayoelea na inayoonekana kwa macho au kwa darubini ya kawaida. Mtafiti aliitambua kwa rangi, umbo na ugumu wake. Kwa punje kubwa za kiwandani, utambuzi huo ulitosha.

3.0 Mwaka 2004 na Swali la Plastiki Iliyopotea

Mageuzi makubwa yalikuja mwaka 2004, pale Richard Thompson wa Chuo Kikuu cha Plymouth nchini Uingereza, pamoja na wenzake, walipouliza mahali inapoishia plastiki yote iliyoingia baharini. Walichukua mashapo ya fukwe na ya chini ya maji katika maeneo ya Plymouth, wakayakoroga katika maji ya chumvi iliyokolea ili chembe nyepesi zielee, kisha wakachunguza chembe zilizotiliwa shaka kwa miale ya infraredi. Takribani theluthi moja ya chembe hizo ndizo zilizothibitishwa kuwa polima za viwandani. Polima tisa zilitambuliwa, zikiwemo nailoni, poliesta, polietilini na polipropilini.

Theluthi hiyo ina somo la kihistoria. Kama watafiti wangeishia kwenye darubini, wangekuwa katika hatari ya kuhesabu mchanga, nyuzi za pamba na mabaki ya viumbe kuwa plastiki. Kuanzia hapo, tofauti kati ya chembe inayoshukiwa na chembe iliyothibitishwa ikawa msingi wa fani nzima.

Mchango wa pili wa utafiti huo ulikuwa matumizi ya kumbukumbu. Kwa miongo mingi, meli za kibiashara zimekuwa zikikokota chombo cha kunasa planktoni kilichobuniwa na Alister Hardy, na sampuli zake zikahifadhiwa kwenye vitambaa vya hariri. Thompson na wenzake walifungua sampuli za njia mbili za Atlantiki ya Kaskazini, moja kati ya Aberdeen na visiwa vya Shetland, na nyingine kati ya Sule Skerry na Iceland. Chembe za plastiki zilikuwamo tangu miaka ya 1960, na katika miaka ya 1980 na 1990 zilikuwa nyingi zaidi. Ulinganisho huo uliaminika kwa sababu moja mahususi: chombo kilichokusanya sampuli za awali kilikuwa cha aina ileile iliyokusanya za baadaye.

Mwezi Septemba 2008, wataalamu walikutana Tacoma, Marekani, chini ya shirika la serikali la bahari na anga, NOAA, wakapendekeza kikomo cha juu cha milimita 5. Kikomo cha chini kiliachwa kwa vitendo, na kwa kazi nyingi kilikuwa palepale pa wavu wa Carpenter, yaani milimita 0.33.

4.0 Kutenganisha: Chumvi, Kemikali na Vimeng'enya

Baada ya 2004, mjadala ulihamia katika hatua za kutenganisha. Chumvi ya mezani ni rahisi kupatikana na haina sumu, lakini maji yake yaliyokolea hufikia densiti ya takribani 1.2 tu. Polistirini, yenye takribani 1.05, huelea humo. PET na PVC hubaki chini pamoja na mchanga. Mwaka 2012, Hannes Imhof na wenzake nchini Ujerumani walieleza kifaa kinachotumia kloridi ya zinki, ambayo myeyuko wake hufikia densiti kati ya 1.6 na 1.8. Plastiki nzito zilianza kuonekana kwa kiwango ambacho maji ya chumvi hayakuruhusu. Hata hivyo, kloridi ya zinki ni babuzi, ina gharama na huhitaji uangalifu katika kuitupa. Mgawanyiko ukajitokeza kati ya maabara zilizoweza kuimudu na zile zilizolazimika kubaki na chumvi ya mezani.

Kikwazo cha pili kilikuwa mabaki ya viumbe. Mwani, nyama za samaki na majani huficha plastiki na kuvuruga spektra zake. Asidi kali huondoa mabaki hayo, lakini huharibu pia nailoni na baadhi ya polima nyingine. Kwa hiyo mtafiti anayetumia asidi anaweza kuripoti kwamba nailoni haimo, ilhali yeye mwenyewe ndiye aliyeiyeyusha. Haidrojeni peroksaidi ikichochewa kwa madini ya chuma ikapata nafasi katika mwongozo wa maabara wa NOAA wa mwaka 2015, na potasiamu haidroksaidi ikaenea katika uchunguzi wa samaki. Mwaka 2017, Martin Löder na wenzake walipendekeza mfululizo wa vimeng'enya vinavyosaga protini, mafuta na selulosi bila kudhuru plastiki. Njia hiyo ni ya upole kwa sampuli, lakini huchukua siku nyingi.

5.0 Kutambua: Jicho, Mwanga na Joto

Mapitio ya Valeria Hidalgo-Ruz na wenzake ya mwaka 2012, yaliyochambua tafiti 68, yalionyesha kuwa mbinu zilitofautiana sana na kwamba uchaguzi wa chembe kwa macho ulikuwa hatua ya kawaida. Udhaifu wa hatua hiyo ulipimwa mwaka 2015, pale Robin Lenz na wenzake walipochunguza kwa spektroskopia ya Raman chembe 1,279 zilizokwisha kutambuliwa kwa macho kuwa plastiki. Asilimia 68 ndizo zilizothibitishwa, na kadiri chembe zilivyokuwa ndogo ndivyo jicho lilivyozidi kukosea.

Mbinu mbili za mwanga ndizo zilizotawala. Ya kwanza hupima jinsi vifungo vya kikemia vinavyofyonza miale ya infraredi, na kwa kawaida hufika hadi chembe za mikroni 10 hivi au 20. Ya pili hupima mabadiliko ya mwanga uliotawanywa, jambo lililogunduliwa na C. V. Raman nchini India mwaka 1928, nayo hufika hadi mikroni 1 hivi. Raman huona vidogo zaidi, ila huvurugwa na rangi na mng'ao wa sampuli. Kuanzia katikati ya miaka ya 2010, vigunduzi vinavyopiga picha ya chujio zima kwa infraredi vilipunguza utegemezi wa jicho, kwa kuwa mashine haichagui chembe ya kuanza nayo.

Njia ya tatu ilitumia joto. Sampuli huunguzwa bila oksijeni, kisha gesi zake hutenganishwa na kutambuliwa kwa kromatografia ya gesi iliyounganishwa na spektrometa. Matokeo yake ni uzito wa kila polima, wala si idadi ya vipande. Kwa hiyo, hata leo ripoti mbili za ziwa moja zinaweza kutoa majibu yasiyobadilishika kirahisi moja kuwa jingine: vipande kwa lita na mikrogramu kwa lita. Isitoshe, mafuta ya viumbe yakiunguzwa hutoa baadhi ya mazao yanayofanana na ya polietilini, na jambo hili limeibua mjadala mkali kuhusu vipimo vya damu na tishu za binadamu.

6.0 Sangara, Sato na Mipaka ya Vifaa

Historia hii inaihusu Afrika Mashariki moja kwa moja. Mwaka 2016, Fares Biginagwa na wenzake walichapisha ushahidi wa kwanza wa mikroplastiki katika Maziwa Makuu ya Afrika, kutokana na sangara na sato walionunuliwa Mwanza, kando ya Ziwa Viktoria. Uchunguzi wa matumbo uliibua samaki wengi walioshukiwa kuwa na plastiki. Spektroskopia ya infraredi ilithibitisha plastiki katika asilimia 20 ya samaki wa kila aina. Miongoni mwa polima zilizotambuliwa ni polietilini, poliesta na poliyurethani.

Pengo kati ya shuku na uthibitisho lingeweza kuwa na madhara makubwa. Sangara ni bidhaa ya kuuzwa nje na sato ni kitoweo cha kila siku. Takwimu iliyokuzwa na mbinu dhaifu ingeweza kuumiza wavuvi na wachuuzi pasipo sababu. Iliyopunguzwa ingeweza kuficha hatari. Uamuzi wa watafiti kuripoti kilichothibitishwa ndio unaoupa utafiti huo thamani ya kudumu.

7.0 Uchafuzi wa Ndani ya Maabara na Juhudi za Viwango

Kadiri vipimo vilivyoshuka kuelekea mikroni, maabara yenyewe iligeuka kuwa mshukiwa. Nyuzi za nguo huelea hewani na kutua kwenye sampuli. Mwaka 2020, utafiti ulionyesha kuwa glavu za kutupwa huacha chembe za kemikali ambazo spektra zake huweza kudhaniwa kuwa za polietilini. Makoti ya pamba, vyombo vya kioo na sampuli tupu zinazopitishwa katika hatua zote vikawa masharti. Somo hilo lilikuwa limekwisha kujitokeza katika suala la asali: baada ya ripoti ya mwaka 2013 kutoka Ujerumani kudai kuwa na nyuzi za plastiki, utafiti wa Uswisi wa mwaka 2017 uliotumia spektroskopia haukupata ushahidi wa uchafuzi huo.

Juhudi za kusawazisha zilifuata. Mwaka 2020, jimbo la California lilipitisha tafsiri rasmi ya mikroplastiki katika maji ya kunywa, na mwaka 2023 Shirika la Kimataifa la Viwango lilitoa ISO 24187, inayoweka misingi ya uchanganuzi wa mikroplastiki katika mazingira. Mwongozo huo unaweka misingi tu. Haulazimishi maabara zote kutumia wavu mmoja wala chumvi moja.

8.0 Hitimisho

Insha hii imebainisha kuwa wavu wa 1972, maji ya chumvi ya 2004, kloridi ya zinki ya 2012 na vigunduzi vya picha vilivyofuata havikutazama kitu kilekile. Kila kimoja kiliongeza kundi la chembe ambalo kilichotangulia hakikuweza kuliona. Kwa hiyo, ongezeko la idadi katika machapisho ni mchanganyiko wa ongezeko la plastiki na ongezeko la uwezo wa kuiona, na mambo hayo mawili hutenganishwa tu pale mbinu inapobaki ileile, kama ilivyokuwa kwa vitambaa vya hariri vya Atlantiki ya Kaskazini.

Kutokana na hayo, mambo mawili yanapendekezwa kwa watafiti wa maziwa na pwani za Afrika Mashariki. Kwanza, kila takwimu iambatane na ukubwa wa matundu, densiti ya myeyuko, matokeo ya sampuli tupu na kiasi cha chembe zilizothibitishwa. Pili, sehemu ya kila sampuli ihifadhiwe bila kuchanganuliwa. Vyombo vya leo vitapitwa na wakati kama wavu wa Carpenter ulivyopitwa, lakini mashapo yaliyofungwa vema katika chupa ya kioo yataweza kupimwa upya na wale watakaokuwa na vyombo bora zaidi.