Fahamu jinsi fedha za Mfuko wa Dunia za afua za VVU zinavyogawanywa

Mfuko wa Dunia wa Kupambana na UKIMWI, Kifua Kikuu na Malaria, ulioanzishwa mwaka 2002 na wenye makao makuu Geneva, Uswisi, hutoa fedha kwa mizunguko ya miaka mitatu. Katika harambee ya mwaka 2022, wahisani waliahidi Dola za Marekani bilioni 15.7.

Mgawo wa kila nchi huzingatia vigezo viwili vikuu. Cha kwanza ni ukubwa wa tatizo. Kwa upande wa VVU, kipimo chake ni idadi ya watu wanaoishi na virusi hivyo (WAVIU). Cha pili ni uwezo wa kiuchumi, unaopimwa kwa pato la taifa kwa kila mtu. Nchi yenye WAVIU wengi na kipato kidogo hupata mgawo mkubwa zaidi. Aidha, nchi inayopokea fedha hutakiwa kuongeza mchango wake katika afya hatua kwa hatua.

Nchi ikishajulishwa mgawo wake, huandaa andiko la maombi. Nchini Tanzania, kazi hiyo husimamiwa na Mfumo wa Kitaifa wa Uratibu (TNCM), unaokutanisha Serikali, wadau wa maendeleo, sekta binafsi, asasi za kiraia na WAVIU wenyewe. Andiko hilo hupitiwa na jopo huru la wataalamu kabla ya fedha kuidhinishwa.

Ndani ya nchi, takwimu ndizo zinazoonesha mahitaji. Utafiti wa Viashiria na Matokeo ya UKIMWI wa mwaka 2022/2023 ulibaini kuwa asilimia 4.4 ya watu wenye umri wa miaka 15 na zaidi wanaishi na VVU. Njombe iliongoza kwa asilimia 12.7, huku Kigoma ikiwa miongoni mwa mikoa yenye kiwango cha chini kwa asilimia 1.7.

Hata hivyo, asilimia ndogo haimaanishi kuwa mahitaji ni madogo kwa kiwango hicho hicho. Kwa mujibu wa Sensa ya mwaka 2022, Kigoma ina watu takriban milioni 2.47, wakati Njombe ina takriban 890,000. Aidha, Kata ya Makere wilayani Kasulu ipo katika barabara iendayo Kibondo, jirani na kambi ya wakimbizi ya Nyarugusu iliyoanzishwa mwaka 1996, na eneo hilo lina mwingiliano mkubwa wa watu.

Dawa za kufubaza virusi hutolewa bila malipo, na mahitaji ya kituo hukadiriwa kutokana na wateja waliosajiliwa katika kliniki ya tiba na matunzo. Hivyo, anayehama anapaswa kuchukua barua ya uhamisho ili asihesabiwe mara mbili wala kuonekana ameacha tiba. Vilevile, asiyepimwa hahesabiwi miongoni mwa wanaohitaji dawa. Utafiti huo ulionesha kuwa asilimia 82.7 tu ya WAVIU watu wazima walikuwa wanajua hali zao.

Umuhimu wa takwimu sahihi uliongezeka Januari 2025, Marekani iliposimamisha misaada yake ya nje kwa siku 90 ili kuitathmini. Fedha zinapopungua, kila dawa inapaswa kumfikia anayeihitaji. Wananchi wanahimizwa kupima VVU katika kituo cha afya kilicho karibu nao.