Kujijengea Nyumba Arua na Koboko: Mvua, Mabomba na Joto

Kujijengea, kwa maana ya makala haya, ni kujenga bila mkandarasi. Mwenye nyumba mwenyewe hununua vifaa, huajiri mafundi na huamua kazi isimame lini. Hapa kaskazini-magharibi mwa Uganda, nyumba nyingi za Jiji la Arua, za Koboko na za vijiji vya kando ya barabara ya Vurra–Arua–Koboko–Oraba zimejengwa hivyo. Fedha huja kidogo kidogo, na nyumba huinuka vivyo hivyo: mwaka huu msingi, mwakani kuta, mwaka wa tatu paa. Ndiyo maana kipimo cha ujenzi wa huku ni maji: mvua inayoikuta nyumba nusu, maji yanayoingia kwenye mabomba, na yale yanayotoka.

Hali ya mahali

Arua iko karibu nyuzi 3 kaskazini mwa ikweta, kwenye mwinuko wa mita 1,200 hivi kutoka usawa wa bahari. Mvua huanza mwishoni mwa Machi au Aprili, hukolea kati ya Agosti na Oktoba, na hukatika kuelekea Desemba. Kwa mwaka hufika milimita 1,200 na zaidi. Kiangazi cha Desemba hadi Machi ndicho msimu wa kufyatua matofali na kuchimba.

Mchanga, mawe na moramu hupatikana karibu, na kokoto nyingi hupondwa kwa nyundo. Mbao nzuri huvuka mpaka kutoka Kongo. Saruji, nondo, mabati na mabomba husafiri mbali: kutoka Kampala ni takriban kilomita 500, na lori hulivuka Nile kwenye daraja la Pakwach. Kila mfuko wa saruji unaoganda stoo kwa unyevu ni nauli iliyopotea. Mifuko ipangwe juu ya mbao, mbali na ukuta, na inunuliwe ya kutosha kazi ya wiki mbili tatu tu.

Hatua za kusimama

Kuna mahali pa kusimama kazi na mahali pasipofaa. Msingi uliofikia usawa wa sakafu, ukajazwa kifusi na moramu iliyoshindiliwa, kisha ukamwagiwa zege, unaweza kungoja mwaka mzima bila hasara. Mtaro ulio wazi hauwezi: mvua ya Agosti huujaza, kingo humomonyoka na udongo wa chini hulainika. Kuta zilizojengwa kwa tope nazo zisiachwe bila paa, kwani maji huingia kutoka juu na kuosha viungo. Mwenye fedha za kuta bila za paa ni heri anunue matofali, ayapange na kuyafunika, angoje.

Kabla ya kumwaga zege ya sakafu, mabomba ya choo, bafu na jiko yawe yameshalazwa. Kosa la kuyasahau hugharimu kuliko mengine yote, kwa sababu kulirekebisha ni kupasua sakafu mpya kwa tindo. Juu ya msingi ilazwe karatasi nzito ya nailoni kuzuia unyevu usipande ukutani. Visiki na mizizi ing'olewe yote, na kichuguu kilicho ndani ya kiwanja kichimbwe hadi malkia apatikane. Mchwa wa huku hupanda ndani ya ukuta wa tope hadi kwenye mbao za paa bila kuonekana.

Paa lifungwe chini kama linavyoinuliwa juu. Waya nene au chuma bapa kianze safu tatu au nne chini ya kilele cha ukuta, kijengewe humo, kisha kizungushwe kwenye mbao. Upepo unaotangulia mvua huinua bati kutoka chini ya ukingo wake, na misumari peke yake haitoshi.

Matofali

Tofali la kuchoma ndilo la kawaida. Kulipima ni rahisi: gonganisha mawili, usikilize mlio mkali, lidondoshe kutoka usawa wa kiuno kwenye udongo mgumu, lisivunjike, liloweke usiku kucha, kingo zisilainike. Matofali ya pembeni mwa tanuri mara nyingi hayajaiva, yatumike kwa kuta za ndani tu.

Tanuri hula kuni nyingi, na miti ya eneo hili la Nile Magharibi imeshakatwa sana kwa kukausha tumbaku, kwa mkaa na kwa mahitaji ya nyumbani. Njia nyingine ni tofali la kushikana: udongo mwekundu huchanganywa na saruji kidogo, hugandamizwa kwa mashine ya mkono, kisha hufunikwa na kumwagiwa maji kwa siku kadhaa bila kuchomwa. Makosa hutokana na udongo. Utie kwenye chupa yenye maji, utikise, uache utulie: mchanga utakaa chini na mfinyanzi juu. Mfinyanzi ukizidi, tofali litapasuka likikauka. Ukipungua sana, litamomonyoka.

Maji yanayoingia

Maji ya bomba ya Arua hutolewa mto Enyau na kusambazwa na Shirika la Taifa la Maji na Mifereji. Nje ya mabomba hayo watu hutegemea visima vya pampu, chemchemi na mvua. Hata mwenye bomba asidharau mvua.

Hesabu yake ni hii: milimita 1 ya mvua juu ya mita 1 ya mraba ni lita 1. Paa la mita 8 kwa 10, kwa mvua ya milimita 1,200, likipoteza sehemu moja ya tano, hutoa karibu lita 76,800 kwa mwaka. Shida ni kuyahifadhi hadi kiangazi. Watu 6 wakitumia lita 20 kila mmoja humaliza lita 120 kwa siku. Tangi la lita 10,000 litawafikisha siku 83, si 100 za kiangazi. Wakiweka choo cha kuvuta kinachomwaga lita 6, na kila mtu akivuta mara nne, hizo ni lita 144 nyingine, na tangi litakauka baada ya siku 37. Kwa kumwagia lita 2 kwa kopo litafika siku 59. Choo basi ndicho kinachoamua ukubwa wa tangi, na maji yaliyokwisha kuogewa na kufuliwa yanafaa kumwagia choo.

Maji ya mvua ya kwanza huosha vumbi na kinyesi cha ndege juu ya bati, kwa hiyo bomba la kushukia liwe na tawi la kuyatoa kabla hayajafika tangini. Mdomo wa tangi ufunikwe kwa wavu mwembamba kuzuia mbu.

Tangi la juu husukuma maji kwa urefu wake: kila mita 10 hutoa takriban baa 1, hivyo mita 3 juu ya bomba la mvua la kuogea hutoa baa 0.3 tu. Hiyo yatosha ikiwa bomba kuu ni la robo tatu ya inchi na kona ni chache. Nusu inchi kuanzia tangini hadi bafuni ndiyo chanzo cha maji yanayochuruzika. Tangi la lita 1,000 likijaa lina uzito wa tani moja, kwa hiyo lijengewe mnara wake, lisikae juu ya ukuta wa nyumba.

Mabomba yakishaungwa na kabla ya kupiga lipu, yajazwe maji, yafungwe, yaachwe usiku kucha yakiwa na shinikizo. Asubuhi fundi apitishe kidole kavu chini ya kila kiungo. Kinachotoa tone kirudiwe hapo hapo. Kila chumba chenye maji kiwe na koki yake ya kufungia.

Maji yanayotoka

Bomba la choo ni la inchi nne, nalo lishuke sentimita 2.5 kwa kila mita. Mteremko ukipungua, uchafu hukwama. Fundi hupima kwa mpira mrefu unaoonyesha maji ndani yake: ncha mbili zikiwekwa kwenye vigingi, maji husimama usawa mmoja. Kwa umbali wa mita 8, mwisho uwe chini ya mwanzo kwa sentimita 20. Kila kona ijengewe chemba yenye kifuniko.

Tangi la maji taka ligawanywe vyumba viwili, cha kwanza kikiwa mara mbili ya cha pili, na bomba la kutokea liwe chini kidogo ya la kuingilia. Maji yake huishia kwenye shimo la kunyonya lililojaa mawe. Shimo hilo, kama la choo cha kawaida, likae angalau mita 30 kutoka kisimani, na upande wa chini wa mteremko.

Mahali pasipo maji ya kutosha, choo bora cha shimo ni kile chenye bomba la hewa, kilichoendelezwa Zimbabwe miaka ya 1970. Bomba pana hupanda hadi nusu mita juu ya paa. Upepo huvuta harufu kupitia humo, na nzi wanaofuata mwanga hukwama kwenye wavu wa juu. Bila wavu huo, au chumba kikiwa na mwanga mwingi, hakifanyi kazi.

Joto

Nyumba ya huku haihitaji kupashwa moto, inahitaji kupoozwa. Kuta ndefu zitazame kaskazini na kusini, ili jua la asubuhi na la jioni lipige kuta fupi. Paa litokeze sentimita 60 au zaidi, na chini ya bati kuwe na dari yenye matundu ya hewa mwishoni.

Maji ya moto ni suala la umeme. Kwa miaka mingi Nile Magharibi ilikuwa nje ya gridi ya taifa. Bwawa la Nyagak karibu na Paidha, lililoanza kazi 2012, lina megawati 3.5; mabomba ya kuogea ya umeme ya kilowati 5, yakiwashwa 700 kwa pamoja, yangezimaliza zote. Heri jua. Kwa mtambo wa kawaida, tangi la maji moto liwe juu ya bamba, ili maji yapande yenyewe, na tangi la maji baridi liwe juu zaidi ya lile la moto. Mnara uliojengwa mfupi hauwezi kulilisha, na kuurefusha baadaye ni kuujenga upya. Mabomba ya maji moto yasiwe ya plastiki ya kawaida inayolainika, bali ya kuunganishwa kwa joto.

Kibali na mchoro

Sheria ya Udhibiti wa Ujenzi ya 2013 inadai kibali kutoka kwa kamati ya ujenzi ya halmashauri. Ardhi ya kimila inatambuliwa na Sheria ya Ardhi ya 1998, lakini mipaka ikubaliwe na wazee na majirani kwa maandishi kabla ya jiwe la kwanza. Kwenye mchoro wa nyumba yachorwe mabomba yote, kina chake, koki na chemba, kwa vipimo kutoka pembe za nyumba. Nakala moja abaki nayo mwenye nyumba, ya pili ihifadhiwe kwa ndugu wa karibu, kwa sababu fundi aliyeyalaza huenda akawa amehamia Yei, Sudan Kusini, au Kampala siku yatakapovuja.