Kuni za Gari la Moshi

Reli ya Uganda, iliyoanza kujengwa Mombasa mwaka 1896 ikafika ziwani Kisumu mwaka 1901, haikula jasho la vibarua wa Bara Hindi peke yake, bali ilikula na misitu, kwani matanuri ya injini zake yalidai kuni usiku na mchana, hata ikalazimu mikaratusi, miti asili yake Australia, ipandwe nyanda za juu ili ikatwe na kuchomwa. Kwa moshi huo alisafiri Theodore Roosevelt mwaka 1909, akiwa ndiyo kwanza atoke katika urais wa Marekani, naye akaketi mbele ya injini awatazame wanyama kwa raha (anasa ya ajabu, wallahi!), kisha katika msafara wake mzima wa uwindaji yeye na mwanawe Kermit wakaua wanyama 512.