Kuzidisha Mapigo

Ukiitafsiri ovaklokingi kuwa "kuongeza kasi ya prosesa", umetaja matokeo ukaiacha kazi yenyewe. Kompyuta huongezeka kasi hata ukibadilisha diski au ukiongeza RAM. Anayefanya ovaklokingi anagusa saa ya prosesa, ile inayotoa mapigo ya umeme, kila pigo likiwa hatua moja ya kazi. Ndiyo maana napendekeza "kuzidisha mapigo".

Na kuzidisha hapa ni hesabu hasa. Ubao mama hutoa mapigo ya msingi, siku hizi kwa kawaida megahezi 100, na prosesa huyazidisha kwa namba iitwayo kizidishi. Kizidishi kikiwa 45, tunapata gigahezi 4.5. Mwaka 1998 Intel ilitoa prosesa ya bei nafuu, Celeron 300A: megahezi 66 mara 4.5. Kizidishi chake kilikuwa kimefungwa, basi mafundi wakapandisha mapigo ya msingi hadi 100, na nyingi kati ya chipu hizo zikafanya kazi kwa megahezi 450 bila shida.

Kinachoua chipu zaidi ni volti. Mapigo yakizidi sana, chipu huanza kukosea mpaka iongezewe volti, na joto hupanda kwa kipeo cha pili cha volti hiyo. Ongeza mapigo asilimia 10 na volti asilimia 10, joto linalozalishwa na mapigo hupanda takriban asilimia 33. Volti nyingi pia huichakaza chipu polepole, hata feni ikiwa nzuri.

Kwa hiyo anza na kizidishi, volti uiache. Hifadhi mafaili yako kwingine, ingia BIOS, panda hatua moja tu, kisha endesha Prime95 kwa saa kadhaa huku ukitazama nyuzi joto. Programu hiyo hukagua hesabu zake yenyewe. Ikitangaza kosa, prosesa imeshindwa, hata kama Windows inaonekana nzima. Shuka hatua moja. Vipimo vilivyochukuliwa kwenye chumba cha nyuzi 20 visikudanganye: feni haipozi chipu chini ya joto la hewa ya chumbani, na chumba cha nyuzi 32 Dar es Salaam kimeshakula nyuzi 12 za nafasi yako. Laptopu nyingi hazina nafasi hiyo kabisa, ziache.

Mashine ya mezani ikigoma kuwaka, chomoa waya wa umeme, toa betri ndogo ya ubao mama kwa dakika chache, uirudishe. Mipangilio ya kiwandani itarejea.