Richard Attenborough

Richard Attenborough (Cambridge, 29 Agosti 1923 – London, 24 Agosti 2014) alikuwa mwigizaji, mwongozaji na mtayarishaji wa filamu wa Uingereza. Mdogo wake ni David Attenborough, mtangazaji mashuhuri wa vipindi vya wanyamapori.

Alianza kuonekana kwenye filamu mwaka 1942, akapata sifa kubwa kwa kuigiza kijana jambazi katika *Brighton Rock*. Mwaka 1963 aliigiza katika *The Great Escape*, na mwaka 1969 akaongoza filamu yake ya kwanza.

Kazi iliyompa heshima kuliko zote ni *Gandhi* (1982), filamu kuhusu kiongozi wa harakati za uhuru wa India, aliyoipigania kwa takriban miaka 20 kabla ya kupata fedha za kuitengeneza. Kwa tukio la mazishi ya Gandhi pekee, watu wapatao 300,000 walikusanywa mjini Delhi. Filamu hiyo ilinyakua tuzo 8 za Oscar, ikiwemo ya mwongozaji bora.

Mwaka 1987 alitoa *Cry Freedom*, inayomhusu Steve Biko, mpigania haki wa Afrika Kusini. Kwa kuwa utawala wa ubaguzi wa rangi ulikuwa bado madarakani, filamu ilipigwa picha Zimbabwe, Denzel Washington akiigiza kama Biko.

Vijana wengi humkumbuka kama mzee John Hammond wa *Jurassic Park* (1993).