Zeri ya Turlington: Chupa Iliyodumu Kuliko Dawa

Wakusanyaji wa chupa za kale za dawa huithamini mno chupa moja ndogo, nyembamba juu na pana chini mfano wa peasi. Juu ya kioo chake yamechomoza jina la Robert Turlington, jina la dawa yake, Zeri ya Uzima, na tarehe 26 Januari 1754, London. Aghalabu aishikaye kwa mara ya kwanza hudhani kwamba ameshika kitu cha mwaka huo. Nyingi si za mwaka huo, na sababu yake inastahili kuelezwa.

Turlington alipewa hati ya Mfalme wa Uingereza mwaka 1744 kwa dawa aliyodai kuwa na viungo 27, ya kutibu mawe ya figo na kibofu, msokoto wa tumbo na udhaifu wa ndani. Msingi wake ulikuwa tomvu za miti zilizoyeyushwa katika kileo kikali. Mojawapo ilikuwa benzoini, ambayo jina lake latokana na Kiarabu luban jawi, yaani ubani wa Java. Na neno ubani la Kiswahili lina asili hiyo hiyo. Punde si punde walaghai wakawa wananunua chupa zake tupu na kuzijaza michanganyiko hafifu. Ndipo mwaka 1754 Turlington alipobuni chupa ya umbo la pekee, maandishi yakiwa yamechongwa ndani ya kalibu, ili mgonjwa asiyeweza kuipima dawa aweze angalau kuitambua chupa.

Mgonjwa alijifunza kuiamini chupa, na imani hiyo ikawa mtaji wa wengine. Vita vya uhuru wa Marekani vilivyoanza mwaka 1775 vilikatiza biashara na Uingereza, lakini havikukatiza mazoea ya wanunuzi. Wauza dawa wa Marekani wakatengeneza zeri yao wenyewe, na viwanda vya vioo vikaiga chupa pamoja na tarehe yake na hati ya Mfalme, ilhali taifa lenyewe lilikuwa limekwisha kuukana ufalme.

Hatari yake ilidhihirika mwaka 1824, wakati Chuo cha Ufamasia cha Philadelphia kilipochapisha kanuni za dawa nane za Kiingereza zilizokuwa zikiuzwa nchini humo. Ilibainika kwamba kila muuzaji alikuwa na kanuni yake. Katika matone yaliyoitwa ya Bateman, kiasi cha kasumba kilitofautiana mno, hata kipimo kilichomtuliza mgonjwa kikitoka duka moja kingeweza kumdhuru kikitoka duka jingine. Mafuta ya Uingereza nayo, ambayo katika hati ya mwaka 1742 yalisemwa kuwa yametolewa mwambani, yalikuwa sasa ni mchanganyiko wenye tapentaini na mafuta ya mbegu za kitani. Jina halikubadilika, kilichobadilika ni kile alichokinywa au kujipaka mgonjwa. Iliwabidi Wamarekani wangoje hadi mwaka 1906 ndipo sheria ilipolazimisha kileo, kasumba na baadhi ya vitu vingine vya hatari vitajwe kwenye kibandiko.

Kwa hiyo mkusanyaji mwenye ujuzi haanzi kwa kusoma maandishi. Hugeuza chupa atafute kitakoni kovu la fimbo ya mfua vioo, ambalo lilizidi kuwa adimu baada ya miaka ya 1860. Kisha hufuata mshono wa kalibu: ukipanda hadi mdomoni na kuukata, aghalabu chupa ni kazi ya mashine, mfano wa ile ya Michael Owens ya mwaka 1903.

Zeri yenyewe haikupotea kabisa. Mchanganyiko wa benzoini na subili ungali unapakwa kwenye ngozi, bila ya kuahidi uzima. Maandishi ya 1754 yaliwekwa ili kumkinga mgonjwa dhidi ya udanganyifu. Mikononi mwa wengine yakawa ndiyo nyenzo ya kumdanganyia.