Sugu ya Pumzi

Feri ikitua upande wa Likoni, Mombasa, umati hupanda mlima wa kutokea kwa haraka, kila mtu na mzigo wake. Pembeni hubaki wazee wawili watatu, wamejiinamia, mkono kwenye ukuta, wanatafuta pumzi. Ukimwamkia mmoja na kumuuliza, "Vipi ami, kifua?" atakujibu, "Pumu tu hii, mwanangu."

Pengine si pumu. Pumu hubana njia za hewa kisha ikaachia, na wengi huanza nayo utotoni. Ugonjwa ambao madaktari huufupisha kwa herufi COPD huja ukubwani, hauachii kabisa, na kila mwaka huongezeka kidogo. Mzee anayedhani ana pumu hulitafuta bomba la dawa ya kuvuta siku anapobanwa, akipata nafuu hulitia kabatini. Hata pumu haitaki kutibiwa hivyo, sembuse huu.

Kwa Kiswahili umeitwa ugonjwa sugu wa mapafu. Jina hilo silipendi. Mzee wa Changamwe akisikia "mapafu" hufikiria kifua kikuu, na hofu ya kutengwa humfunga mdomo. Tena limeacha neno lenye kazi: kuziba. Bora tuseme ugonjwa sugu wa kuziba kwa njia za hewa. Ni refu, lakini linaeleza kinachotokea: hewa huingia, kutoka ndiko kugumu.

Na hilo "sugu" lisitafsiriwe kuwa "usiopona" tu. Sugu ni ile ngozi ngumu ya kiganja cha mkulima, ni alama kwenye paji la anayesujudu. Ni ndugu wa kusugua. Haiji kwa siku moja wala haiumi inapokuja. Ndivyo moshi wa sigara, wa kuni na makaa, na vumbi la kazini vinavyozifanyia kuta za njia za hewa: husugua miaka thelathini mpaka zikawa nene, huku vifuko vidogo vya mapafuni vikiharibika. Bi aliyekaanga samaki kwa kuni Mtongwe tangu ujana anaweza kuupata bila kuvuta sigara hata moja.

Kuuthibitisha kunahitaji spirometa. Mgonjwa hujaza kifua hewa, kisha huipuliza yote kwa nguvu. Ikiwa hata baada ya dawa ya kutanua njia, hewa inayotoka sekunde ya kwanza haifiki asilimia 70 ya yote, njia zimeziba. Mwaka 2023 serikali ya Kenya iliwapa wahudumu wa afya ya jamii mikoba yenye mashine za presha na sukari. Presha, sukari: neno moja moja, kila nyumba Kisauni inayajua. Pumzi haina jina jepesi kama hayo, na mkoba hauna kipimo chake. Ndiyo maana kwa mazungumzo ya barazani nasema sugu ya pumzi.

Mhudumu anaweza kufanya mengi bila spirometa. Amwangalie mzee akitumia bomba, maana mkono unaotetemeka hukosa kulibonyeza pale anapovuta. Kopo linalowekwa kati ya bomba na mdomo, hata chupa ya plastiki iliyotobolewa vizuri, huishikilia dawa mpaka aivute. Amkumbushe chanjo ya mafua pale inapopatikana. Kuacha sigara ndiko kunakopunguza kasi ya ugonjwa kuliko dawa yoyote.

Kisha kuna mazoezi, ambayo Tanzania huyaweka chini ya utengamao. Neno zuri: kutengemaa si kupona, ni kukaa sawa tena. Mzee hutembea kila siku hatua chache zaidi ya jana, na hujifunza kupumua upya: avute kwa pua, kisha atoe taratibu kwa midomo iliyobanwa, mara mbili ya muda wa kuvuta, kama anayepoza kahawa chungu. Hapo hewa iliyokwama hupata njia.

Nilimweleza shangazi yangu habari ya sugu na kusugua. Alinyamaza, akauangalia ukuta mweusi wa jiko lake. "Kumbe moshi ulikuwa ukinisugua," akasema, akawaita wajukuu waubebe mkaa waupeleke uani.